Jinsi ya Kuhifadhi na Kupanga Picha Kwenye Kishikwambi Bila Kuzipoteza

Kishikwambi kimoja mjini Kisumu au Nakuru siku hizi hubeba kazi za watu wengi. Fundi wa nguo karibu na soko la Kibuye huweka humo mitindo ya mishono, katibu wa chama hupiga picha kurasa za daftari la michango, na familia nzima hutumia kifaa hicho hicho kwa picha za harusi, mazishi na matembezi ya Kit Mikayi. Baada ya mwaka mmoja au miwili picha hufika elfu kadhaa, kifaa huanza kulalamika kwamba nafasi imekwisha, na mwenyewe huanza kufuta ovyo ili apate pa kupumulia.

Kanuni inayoongoza maelezo yote yanayofuata ni moja: kabla hujafuta, kuhamisha au kubadilisha jina la picha yoyote, fahamu faili lake liko wapi hasa. Programu ya galari haihifadhi picha. Inakuonyesha tu faili zilizotawanyika katika folda mbalimbali za kifaa, na wakati mwingine inakuonyesha picha ambayo haimo kabisa ndani ya kifaa bali iko mtandaoni. Watu wengi waliopoteza picha walifuta kitu wakidhani kuna nakala nyingine mahali fulani, kumbe ilikuwa ndiyo hiyo hiyo moja. Nitaeleza zaidi kuhusu vifaa vya Android, kwa kuwa ndivyo vilivyoenea kwetu, na nitagusia iPad pale mambo yanapotofautiana.

Hatua ya kwanza: tafuta picha zinakokaa

Fungua programu ya faili, ambayo kwenye vifaa vingi huitwa Files na kwenye Samsung huitwa My Files, kisha uingie katika hifadhi ya ndani. Hapo utakuta folda kadhaa zenye majina ambayo hukuyaweka wewe. Picha ulizopiga kwa kamera ya kifaa zimo katika DCIM, ndani ya folda ndogo inayoitwa Camera. Picha za skrini, kwa mfano zile za ujumbe wa M-PESA ulizohifadhi kama ushahidi wa malipo, huwa ama ndani ya Pictures ama ndani ya DCIM, kutegemea aliyetengeneza kifaa. Ulizopakua kutoka kwenye tovuti au barua pepe ziko Download. Za WhatsApp zimejificha zaidi: ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na uendelee hadi ufike WhatsApp Images, ambamo pia mna folda ndogo ya Sent yenye nakala za picha ulizotuma wewe mwenyewe.

Ukiwa humo, soma majina ya faili, kwa sababu yanaeleza mengi. Faili linaloitwa IMG_20250316_101523.jpg lilipigwa kwa kamera tarehe 16 Machi 2025, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, sekunde ya ishirini na tatu. Faili linaloitwa IMG-20250316-WA0007.jpg lilipitia WhatsApp, na tarehe iliyomo ni ya siku lilipoingia kwenye kifaa wala si ya siku picha ilipopigwa. Ndiyo maana picha ya arusi ya mwaka juzi, ikitumwa leo katika kundi la familia, hukaa kati ya picha za leo. Isitoshe, WhatsApp huipunguza picha inayotumwa kwa njia ya kawaida na kuiondolea maelezo ya ndani ya tarehe na mahali, kwa hiyo hakuna programu itakayoweza kuirudisha penye mpangilio wake isipokuwa wewe uiandike jina.

Hatua ya pili: punguza mzigo kabla ya kupanga

Kupanga takataka ni kupoteza wakati. Anza na video, kwa kuwa ndizo zinazokula nafasi: picha moja ya kamera ya kawaida huchukua takriban megabaiti 3 hadi 5, ilhali video ya dakika moja yenye ubora wa 1080p inaweza kufika megabaiti 100 au kuzidi. Ukiondoa video kumi za vichekesho zilizosambazwa kwenye makundi, unaweza kupata nafasi ya makumi ya picha. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kusimamia hifadhi ambayo hukuorodheshea faili zinazozidi megabaiti 5 pamoja na zile zilizosambazwa mara nyingi. Pitia hapo kwanza.

Kisha geukia picha zinazorudiana. Aliyesimama kando ya Ziwa Nakuru akiwapiga picha flamingo anajua jinsi kidole kinavyokwama kwenye kitufe na kuzaa picha thelathini za ndege wale wale. Bakiza mbili au tatu. Picha za skrini za matangazo, ramani za njia uliyokwisha kupita na salamu za asubuhi zenye maua hazihitaji kufikiriwa.

Hata hivyo, usishangae nafasi isipoongezeka mara moja. Galari nyingi huweka vilivyofutwa katika pipa la taka kwa siku 30, na muda huo wote faili bado linakalia nafasi yake. Hilo ni jambo jema, maana linakupa muda wa kujuta. Lakini ukiwa na hakika, fungua pipa hilo na ulimwage. Kwenye iPad picha hukaa katika albamu ya zilizofutwa karibuni kwa muda huo huo wa siku 30.

Ili mzigo usirudi, zima upakuaji wa moja kwa moja katika WhatsApp, hasa wa video. Kuna pia mpangilio wa kuzuia picha za kundi fulani zisionekane kwenye galari. Unafaa kwa utulivu wa macho, lakini hauokoi nafasi: picha bado inapakuliwa na kukaa kwenye folda yake, ila haionekani.

Hatua ya tatu: amua folda, na ziwe chache

Turudi kwa fundi wetu wa Kibuye. Mteja anafika Jumapili, siku ambayo soko hufurika, na kusema anataka mkono wa gauni kama ule wa kitenge cha buluu alioshonewa shemeji yake mwezi wa nane. Fundi hana muda wa kutembeza kidole juu ya picha elfu nne. Anahitaji kufungua folda ya Mitindo, kuingia Magauni, na kufikia mwezi wa nane kwa miguso mitatu. Mpango wa folda hupimwa kwa swali analouliza mtafutaji, na swali hilo hutofautiana: fundi hutafuta kwa aina ya nguo, katibu wa chama hutafuta kwa mwezi wa mkutano, na familia hutafuta kwa tukio na mwaka.

Kwa hiyo usinakili mpango wa mwenzako. Chukua karatasi, andika maswali matano ambayo hujiuliza unapotafuta picha, kisha utoe folda kutoka kwayo. Fundi anaweza kuwa na Mitindo, Vipimo, Risiti na Nyumbani. Ndani ya Mitindo ataweka Magauni, Suti, Sare za Shule na kadhalika, na aishie hapo. Ngazi mbili zinatosha. Ya tatu inavumilika. Ya nne hugeuka msitu ambao hata mwenyewe hupotea. Nina shaka pia na folda inayoitwa Mengineyo. Huanza na picha tano na kuishia kuwa na nusu ya kila kitu, kwa hiyo kama ni lazima uwe nayo, ipitie kila mwezi.

Folda hizi ziunde ndani ya Pictures kwa kutumia programu ya faili: bonyeza nukta tatu, chagua kuunda folda, andika jina. Ukiziunda hapo, galari itaziona na kuzionyesha kama albamu bila taabu.

Kuna mtego hapa ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Albamu unayounda katika Google Photos, na ile unayounda katika programu ya Photos ya iPad, si folda. Ukiongeza picha kwenye albamu ya aina hiyo, faili halisogei hata kidogo. Linabaki DCIM au lilipokuwa, na albamu huweka alama tu inayolielekezea. Ukiifuta albamu, picha zinabaki. Ukiifuta picha yenyewe ukidhani nakala imo kwenye albamu, imeondoka kote. Galari ya Samsung, kinyume chake, huwa inalihamisha faili lenyewe unapochagua kuhamishia kwenye albamu. Ili usibahatishe, hamisha picha moja, ifungue, tazama maelezo yake, na usome njia ya faili iliyoandikwa hapo. Ikiwa njia imebadilika na kutaja folda yako mpya, umehamisha kweli.

Za WhatsApp usizihamishe, zinakili. Ukiliondoa faili kwenye folda yake ya asili, mazungumzo yatashindwa kulifungua, na utalazimika kumwomba aliyetuma alitume upya.

Hatua ya nne: majina yanayojipanga yenyewe

Jina zuri huanza na tarehe, mwaka ukitangulia, ukifuatwa na mwezi na siku, kisha neno moja au mawili: 2025-08-17_gauni_kitenge_buluu_01. Ukianza na mwaka, kifaa chochote kinachopanga kwa alfabeti kitazipanga picha kwa mfuatano wa wakati bila kuambiwa. Ukianza na siku, picha za tarehe mosi za miezi yote zitakaa pamoja, jambo ambalo halimsaidii mtu. Andika sufuri mbele ya tarakimu moja, yaani 08 badala ya 8, la sivyo 10 itatangulia 8. Usitumie mkwaju (/) kutenganisha tarehe, wala nukta pacha (:), wala alama ya kuuliza. Mifumo ya kadi na kompyuta za Windows huzikataa alama hizo katika majina ya faili.

Faida ya tarehe ndani ya jina huonekana siku ya kunakili. Faili linapotoka kifaa kimoja kwenda kingine, tarehe yake ya nje mara nyingi hubadilika na kuwa ya siku hiyo. Picha ya kamera hubaki na tarehe iliyofichwa ndani yake, lakini ile iliyopitia WhatsApp haina, na jina ndilo pekee litakalosema ni ya lini.

Si lazima ubadilishe majina ya picha elfu nne. Badilisha ya zile ambazo zitatafutwa. Kwa kundi kubwa ni rahisi kutumia kompyuta: kwenye Windows chagua picha zote za tukio moja, bonyeza F2, andika jina, na mfumo utaongeza nambari mwenyewe. Ukifanyia kazi hiyo kwenye saiba, usiondoke kabla ya kufuta picha zako kwenye mashine yao na kumwaga pipa la taka.

Hatua ya tano: kadi ya memori

Vishikwambi vingi vya Android vina nafasi ya kadi ndogo, na ndiyo njia nafuu ya kupanua hifadhi. Unapoiingiza mara ya kwanza, baadhi ya vifaa hukuuliza kama itumike kama hifadhi ya kubebeka au kama sehemu ya hifadhi ya ndani. Kwa picha, chagua ya kubebeka. Ukiifanya sehemu ya ndani, kifaa huifunga kwa usimbaji na haitasomeka kwingine kokote. Siku kishikwambi kikifa, picha zinakufa pamoja nacho hata kama kadi ni nzima.

Jihadhari na kadi bandia, ambazo hazikosekani mitaani. Kadi inaweza kuandikwa gigabaiti 128 na kudai hivyo hata ndani ya mipangilio, ilhali uwezo wake halisi ni mdogo mno. Ukishaujaza uwezo huo, picha mpya huharibika au huziandika juu zile za zamani bila onyo. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa kompyuta kwa kutumia programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi data na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Huchukua saa nyingi, lakini hakuna njia ya mkato iliyo ya kuaminika.

Unapopeleka picha kwenye kadi, nakili kwanza, hakikisha, ndipo ufute za awali. Usichague kuhamisha moja kwa moja, kwa sababu stima ikipotea ukiwa na chaji asilimia mbili, au kadi ikicheza kidogo mahali pake, unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule. Kuhakikisha ni kufanya mambo mawili: linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha fungua picha chache kutoka kwenye kadi, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Baadaye, kabla ya kuchomoa kadi, iondoe kwanza kupitia mipangilio ya hifadhi.

Hatua ya sita: nakala nje ya kifaa

Kadi iliyomo ndani ya kishikwambi si nakala ya akiba. Mwizi hachukui kifaa akakuachia kadi, na mtumbwi ukipinduka pale ufuo wa Dunga, Kisumu, vyote viwili vinazama pamoja. Picha usiyotaka kuipoteza iwe mahali pengine pawili: pa kwanza kwenye flashi au kompyuta nyumbani, pa pili mtandaoni.

Kwa flashi utahitaji adapta ya OTG, yaani kiunganishi kidogo cha kuchomekea flashi kwenye kishikwambi, inayolingana na tundu la kifaa chako. Ukiichomeka, flashi hutokea katika programu ya faili kama folda nyingine. Kwa kompyuta, unganisha waya, kisha kwenye kishikwambi chagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu, la sivyo kompyuta haitaona kitu. Flashi ipewe kazi hiyo moja. Ile inayozunguka mitaani ikichapisha makaratasi hukusanya virusi na hupotea.

Mtandaoni, Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo inagawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive (hifadhi ya faili ya Google), na tangu tarehe 1 Juni 2021 hata picha zilizopunguzwa ubora huhesabiwa humo. Apple hutoa gigabaiti 5. Kwa hiyo usipakie kila kitu. Pakia zile za thamani, na uchague kutumia Wi-Fi pekee, kwani bando la wiki linaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Google Photos, ikiwashwa, huanza na folda ya kamera tu. Folda zako mpya za Mitindo au Risiti hazihifadhiwi mtandaoni hadi uingie katika mipangilio ya kuhifadhi nakala na kuwasha kila moja. Jambo la pili ni la hatari zaidi: ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutwa kwenye kifaa na mtandaoni kwa pamoja, na vilevile kwenye simu yoyote yenye akaunti hiyo. Ukitaka kupata nafasi kwenye kishikwambi huku ukibakiza nakala ya mtandaoni, tumia kitufe maalumu cha kuongeza nafasi kilichomo kwenye programu hiyo, ambacho huondoa tu zile zilizokwisha kupakiwa. Picha za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, hufuata mtindo huo huo: ikifutwa kwenye iPad, imefutwa kote.

Hakikisha pia akaunti ni yako. Watu wengi walifunguliwa akaunti na muuza duka siku waliponunua kifaa, na hawajui anwani wala nywila. Ingia mipangilio, tazama anwani iliyopo, weka nywila yako, na usajili nambari ya simu unayoitumia. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo.

Picha za karatasi

Ukitaka kuingiza picha za zamani za familia, zipige mchana karibu na dirisha, bila mmweko wa kamera, picha ikiwa imelala bapa na kishikwambi kikiwa sambamba nayo. Kifaa kitaipa tarehe ya leo, kwa hiyo andika mwaka wake kwenye jina. Usipoujua, andika muongo, kama 197x kwa miaka ya sabini. Majina ya waliomo yaandike siku hiyo hiyo, ukiwa umekaa na bibi au babu anayewatambua. Piga picha upande wa nyuma pia kama kuna maandishi.

Faragha, ajali na kuagana na kifaa

Picha ya kamera inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Zima uwekaji wa mahali katika mipangilio ya kamera ikiwa unapiga picha nyumbani na kuzituma kwa WhatsApp kama hati, kwa kuwa zikitumwa hivyo maelezo hayaondolewi. Anayepiga picha za watoto kwa ajili ya shule au mradi akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto.

Ukifuta kwa bahati mbaya, tazama pipa la taka la galari, kisha la programu ya faili, kisha la Google Photos, ambalo hutunza zilizokuwa zimepakiwa kwa siku 60. Ikiwa picha ilikuwa kwenye kadi na haimo katika mapipa hayo, chomoa kadi mara moja na usiandike chochote juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec kwenye kompyuta mara nyingi huweza kuzifufua. Iliyofutwa kabisa kwenye hifadhi ya ndani ni vigumu kurudi, na anayekuahidi hakika mtaani anakuuzia matumaini.

Siku ya kuuza kishikwambi au kumpa mdogo wako, hakikisha nakala zote mbili zinafunguka, toa kadi, ondoa akaunti yako katika mipangilio, kisha urudishe kifaa katika hali ya kiwandani. Akaunti ikibaki, mpokeaji anaweza kukwama kwenye ukurasa wa kudai nywila yako pindi atakapokiwasha.